Sindano ya Pili ya Mwosha

Hapa Olumbi, kusini ya mto Rovuma, hapakuwa na mtu aliyempenda Mwosha mpaka afiwe. Siku za kawaida tulimkwepa. Ukikutana naye njiani asubuhi anakutazama kutoka utosini hadi unyayoni, halafu anasema, "Weye umekonda, unakula kweli?" nawe unaongeza hatua, maana unajua kazi yake na unadhani anakupimia sanda. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza nilizunguka nyuma ya msikiti kila siku ili nisipite mlangoni pake. Kumbe alijua. Siku moja akanipigia kelele mbele za watu: "Zunguka tu, mwanangu! Dunia yenyewe duara, utanikuta mbele!" Watu walicheka, nami nikaona haya mpaka nikarudi nyumbani bila maji niliyotumwa.

Jina lake sitalitaja. Tulimwita Mwosha, na hata watoto wa mdogo wake walimwita hivyo hivyo. Aliosha maiti za wanawake, hapa kwetu na hadi Palma, na mara nyingine aliitwa visiwani. Hakufanya peke yake. Yeye ndiye mwenye kuosha. Mdogo wake, mwanamke mpole asiyesema ila akiulizwa, ndiye mwenye kumwaga maji. Na wa tatu, wa kushika pazia, alikuwa yeyote kati ya wanawake wenzao. Ya ndani ya pazia hayatoki. Umeona kovu, umeona mimba ya msichana asiyeolewa, umeona alama za fimbo ya mume, unakufa nayo. Na huyu Mwosha alikuwa na mdomo, jamani! Angekutangazia mtaani hata samaki wako kama ameoza. Lakini neno la ndani ya pazia halijawahi kumtoka. Watu hao wawili walikaaje katika mwili mmoja, mimi sijui.

Walio hai aliwagombeza, waliokufa aliwabembeleza. Mimi nimeshika pazia kwake mara kadhaa, nimesikia. "Sogea kidogo, bibi. Ndiyo hivyo. Sasa huo mguu, pole, tunakaribia kumaliza." Miezi ya baridi alidai maji yapashwe moto kidogo. Mara moja nilijitia kimbelembele nikasema maiti hasikii baridi. Akanigeukia, mkono bado uko begani kwa marehemu, akaniuliza, "Kwani weye umekufa mara ngapi?" Nikashika pazia langu vizuri.

Nyumbani kwake ilikuwa vurugu tupu. Kuku chini ya kitanda, sufuria za juzi mlangoni, na sabuni alikuwa akiibania mpaka inabaki kama ukucha. Sabuni nzuri, udi na karafuu maiti vilikaa kwenye sanduku lenye kufuli. Ukimwambia ajipake udi siku ya sikukuu, anasema huo una wenyewe, nao wako njiani.

Na huyo mwanamke asiyeogopa maiti aliogopa sindano. Si utani. Siku moja malaria ilimshika tukamburura hadi kituo cha afya, nesi akageuka kuchukua bomba la sindano, na alipogeuka tena Mwosha hayupo. Ameruka dirishani! Tulimkuta kwenye mihogo ya watu, kapoteza kiatu kimoja, anatetemeka na homa yake, anaapa kwamba kama ni kufa atakufa mzima bila tundu. Mdogo wake ndiye aliyembembeleza akarudi. Yule alikuwa na namna yake ya kumshika kiwiko tu, bila neno, na Mwosha anafuata.

Wanawake hao wa kuosha walikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Zamu ya mtu haipotei. Ukiitwa msiba wa hapa nawe uko kwenye msiba wa kule, unamtuma ndugu yako akakushikie nafasi, na akifika pale si yeye tena, ni wewe. Wakiita jina lako anaitika yeye. Nimesikia kwa masikio yangu mdogo mtu akiitwa kwa jina la dada yake, naye anaitika "Abee" bila hata kutabasamu, na mzee anayeita anajua fika. Kwetu huo si uongo, ni heshima kwa aliyekosa kuja.

Miaka ile ndiyo gesi ilipoonekana baharini. Helikopta zikawa nyingi kuliko kunguru, vijana wakaacha mashamba wakashinda kwenye malango ya kambi za kampuni kungoja kazi, kila mwenye kibanda akawa na mpangaji. Mimi nilikuwa nimesoma Kireno mpaka sekondari, nikapata kazi ya kutafsiri kwenye kituo cha afya. Mwosha swali lake lilikuwa moja tu kuhusu wageni wale: "Hawa wakifa, nani anawaosha?" Nikamwambia hupakiwa ndegeni wakarudishwa kwao ndani ya sanduku. Akashika kichwa. "Masikini wee. Safari yote hiyo, na uchafu wa kazini!"

Kisha mvua za mwaka mmoja zikaja na homa. Ilianza kwa wafyekaji waliokuwa wakikata njia msituni upande wa Nhica, ikashuka nao vijijini. Mtu anaumwa kichwa, macho yanakuwa mekundu, halafu damu: ufizi, pua, kila njia. Ukilinganisha na malaria haikuua wengi, lakini iliua vibaya, na waliowaosha waliokufa wakafuata. Alikufa mwosha wa wanaume pamoja na mwanawe. Akafa mwanamke mmoja aliyekuwa mshika pazia. Watu wakasema wazungu wametoboa chini ya bahari wakafungulia kitu. Mwosha akasonya. "Gesi haimtoi mtu damu puani. Wacheni upuuzi." Redioni tulisikia gesi na ajira, ajira na gesi. Homa yetu haikuwamo.

Serikali ikaleta wazishi waliovaa nguo nyeupe za plastiki toka kichwani hadi miguuni. Hakuna kuosha. Maiti anatiwa kwenye mfuko, shehe anamtayamamisha kwa vumbi juu ya mfuko badala ya maji, kisha marehemu anaswaliwa kwa mbali, anashushwa kaburini. Shehe alitueleza kwamba dini inaruhusu pakiwa na madhara, na nusu ya watu walimwelewa. Mwosha alisimama kando ya njia kila maziko, mikono kaifunga ndani ya kanga. Alikuwa akiniambia, "Wanamtia mtu kwenye mfuko na jasho lake la mauti. Anakwenda kwa Mola wake ananuka. Waambie wanirudishie maiti zangu." Alikuja kwangu kila siku na neno hilo hilo. Mimi nilikuwa nani wa kumrudishia?

Mvua zilipokatika homa ikatulia, ndipo akaja daktari tuliyemwita Dotora. Alitoka mji mkuu, mwanamke mdogo wa umri, mwembamba, Kiswahili hajui hata "hodi". Kirusi cha homa ile alikuwa amekaa nacho maabara miaka mingi, yeye na wenzake wa nchi za nje, wakitengeneza chanjo. Walikuwa wameijaribu kwa panya, kisha kwa nyani, kisha kwa watu wazima wachache wa mbali waliojitolea. Sasa walitaka kuijaribu kwa watu ambao mikono yao inakutana na ugonjwa: manesi, wachimba kaburi, waosha maiti. Sindano mbili, ya kwanza sasa, ya pili baada ya wiki kadhaa. Alituita darasani, akaeleza taratibu, nami nikatafsiri.

Mwosha alikuwa amekaa mbele kabisa. "Muulize, nikichanjwa nitaosha?"

Dotora akasema bado. Hawajajua kama chanjo inakinga.

"Watajua lini?"

"Homa ikirudi, tukaona waliochanjwa hawaugui."

"Na waliochanjwa watakutana na homa wapi, kama maiti mnatunyima?"

Nilitafsiri. Dotora aliinamisha kichwa kidogo, akasema hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na kwamba hawezi kumpeleka mtu kwenye hatari ili yeye ajue.

Mwosha akasimama. "Basi nipeni maiti, mjue."

Mdomo wangu ulikuwa mzito kulifikisha neno lile, lakini nililifikisha. Dotora hakukasirika. Akasema polepole, "Hapana, mama. Hata kama sitajua maisha yangu yote." Nilipomwambia, Mwosha alimtazama yule binti muda mrefu kwa lile jicho lake la kupima, kisha akakaa. "Huyu msema kweli," akaniambia. "Mkono nitampa."

Nilieleza tena na tena, mpaka koo likakauka, kwamba sindano si ruhusa. Wanawake wakaitikia, "Tumeelewa, mwanangu, tumeelewa." Lakini nawajua watu wangu. Waliona vingine. Waliona kwamba hakuna mtu anayekupa ngao halafu akakwambia ukae ndani.

Mdogo wake Mwosha walimkataa kwa sababu alikuwa ananyonyesha. Akabaki kazi yake kumshika dada yake kichwa. Siku ya sindano ya kwanza Mwosha alisoma sura zote anazozijua, akafumba macho, na ilipomgusa akapiga yowe la "Mama yangu!" lililosikika barabarani. Baadaye alijitapa kijiji kizima, kalifunua bega, tundu lenyewe halionekani. Nilifurahi siku ile, nasema kweli. Nilikuwa nikitamani chanjo ile ifanye kazi kuliko nilivyotamani chochote, maana niliona yule mwanamke bila kazi yake anakauka.

Siku ya sindano ya pili mimi nilikuwa Nhica na kundi jingine. Alfajiri ya siku hiyo alikufa bibi mmoja kisiwani Rongui, kwa uzee, si kwa homa, na mashua ilikuja kumchukua Mwosha. Ulikuwa msiba wa halali, maiti wa kuoshwa kwelikweli, baada ya miezi ya kusimama kando ya njia. Angekataa vipi? Akamwita mdogo wake, akampa kikadi, akamwambia, "Nenda ukanishikie nafasi." Yule akamwacha mtoto kwa jirani, akaenda, akakaa kwenye foleni. Manesi wa siku ile walikuwa wageni. Wakaita jina la Mwosha. Akaitika, "Abee." Wakamchoma.

Hakuna aliyeficha, na hakuna aliyedhani kuna la kuficha. Mwosha aliporudi na harufu ya udi mikononi aliuliza, "Umenichanjia?" Mdogo wake akasema, "Tayari, dada." Yakaisha.

Mvua zikarudi, na homa nayo. Akafa bi harusi, msichana ambaye hina ya harusi ilikuwa bado haijafutika miguuni. Wazazi wake walikubali hata aibu, wakasema mimba imeharibika. Hawakutaka mfuko, hawakutaka plastiki, walitaka mtoto wao aoshwe. Wakamwita Mwosha kimyakimya, bila kutuambia watu wa kituo.

Hili ndilo nililomuuliza baadaye, na alinijibu bila kupindapinda. "Ulijua?" "Nilijua. Nilimfungua mdomo nikaona ufizi. Nikasema moyoni, si tumechanjwa? Nilimwambia mdogo wangu atoke, ashike pazia tu, maji nitamwaga mwenyewe. Akanishika kiwiko. Akasema, 'Dada, mikono miwili itaosha na kumwaga kwa pamoja? Mimi nina sindano yako mwilini.' Nikamwachia kopo."

Mdogo wake alianza kuumwa kichwa wiki ile ile. Tulimlaza kwenye hema nyuma ya kituo, mtoto akapelekwa kwa bibi yake. Mwosha alikaa nje ya kamba iliyozungushwa hema siku zote, chini, juani, akimwimbia nyimbo za utotoni mwao, yeye mwenye sauti mbaya vile. Mwanzoni mdogo mtu alikuwa anaitikia. Kisha akawa anainua kidole. Kisha hata kidole hakuinua, na manesi wakatoka hemani wakivua miwani yao ya plastiki.

Mwosha akainuka akanifuata mimi na Dotora, maana Dotora alikuwa amerudi mara tu homa iliporudi. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha, kumsikia akisema kwa sauti ya chini. "Mwambie mimi nimechanjwa. Nimegusa, sikuugua. Aniache nimwoshe. Kila nyumba hapa nimeosha mtu. Huyu ni wa tumbo moja na mimi."

Dotora alikuwa analia, nyote mjue hilo. Alikuwa analia na akasema hapana. Damu ya aliyekufa kwa homa ile ndiyo hatari kuliko zote, na chanjo bado haina uhakika. Neno lenyewe ni dogo katika lugha zote. Nililitafsiri, na Mwosha akaliangalia likitoka mdomoni mwangu. Wakamtia mdogo wake kwenye mfuko. Shehe akamtayamamisha. Tukaswali kwa mbali.

Siku zikapita, Mwosha hakuugua. Dotora akachukua damu yake, akaipeleka, majibu yakaja kwamba kinga imejaa humo. Alikuja nyumbani kwa Mwosha nami, uso umechangamka kidogo kwa mara ya kwanza. Alisema kwa adabu, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya msiba, kwamba Mwosha amegusa homa kali na amebaki mzima, kwamba yeye ni mtu wa kwanza kuonyesha kuwa sindano mbili zinaweza kukinga, na kwamba jambo hilo litaokoa watu nchi nyingi.

Mwosha alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie sindano ya pili ilikwenda kwa mdogo wangu. Alinishikia nafasi."

Dotora aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nieleze ile desturi, nikaieleza, naye akakaa chini kwenye kigoda kati ya sufuria. Hakumlaumu mtu. Alisema kwa Kireno, kama anajisemea mwenyewe, "Basi sijui kitu." Kama ni sindano moja iliyomkinga huyu, mbona haikumkinga yule? Kama sindano haikufanya kitu, mbona huyu mzima? Au ile ya pili peke yake haitoshi, au homa ilimwahi yule kabla kinga haijakomaa, au ni siku yake tu. Mwosha aliniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akamsogezea Dotora kikombe cha maji. "Mwambie anywe," akasema. "Na aniambie jambo moja. Ningekwenda mwenyewe siku ile, mdogo wangu asingejiona amechanjwa, angetoka nje ya pazia. Ni kweli au si kweli?"

Sikulitafsiri hilo, kwa sababu Dotora alikuwa kajishika kichwa, hasikii tena kitu. Wala jibu lake silijui.

Walifunga kazi hapa, wakaendelea kwingine. Dotora alikuwa akinipigia simu siku moja moja. Aliniambia chanjo imerekebishwa na inasogea, na kwamba sasa, popote wanapochoma, wanapiga picha uso wa kila mtu na kuulinganisha kabla ya sindano ya pili. Mwosha aliacha kuosha. Alirudisha sanduku la udi kwa wenzake, kufuli na funguo. Akalea watoto wa marehemu kwa matusi na mapenzi yake yale yale. Homa haikurudi tena, kikaja kingine: vita. Tukakimbia, wengine kuvuka Rovuma, wengine kusini, na tuliorudi tulirudi wachache.

Mama yangu alikufa baada ya kurudi, kwa uzee, kitandani mwake, jambo ambalo kwetu lilikuwa limeshakuwa bahati. Waosha wa zamani walikuwa wamekufa au wametawanyika. Nikaenda kwa Mwosha. Nilimkuta anamenya muhogo, kazeeka, jicho moja lina ukungu.

"Nilishaacha, unajua," akasema kabla sijafungua kinywa.

"Najua, mama. Sina mwingine."

Akaweka kisu. Akanifuata, lakini hakuingia ndani ya pazia. Alikaa kwenye mkeka nje yake, kageuza mgongo, akaniongoza kwa maneno. Jirani alimwaga, mimi nikaosha. "Anza upande wa kulia. Usiwe na haraka, hana pa kuwahi. Mwambie kabla hujamgeuza, usimshtue." Nikasema, "Mama, nakugeuza." Sauti yangu ilikatika. "Lia," akasema nje ya pazia, "lakini machozi yasimdondokee." Hivyo hivyo mpaka mwisho, na hakukosea hata hatua moja, ingawa alikuwa haoni.

Nilipotoka kuchukua sanda nilisimama mbele yake, mikono imelowa. Nikamwambia angeingia tu, homa haipo, hata Dotora angemruhusu.

"Si homa," akasema. "Nikimwosha mwingine, ni kama nimekubali kwamba yule kazikwa vile na yamekwisha. Mimi sijakubali." Kisha, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, "Na mimi nikifa mnitie kwenye mfuko."

Nilidhani utani wake. Nikamwambia, "Mama, mwosha huoshwa. Hata wahenga wamesema."

"Wahenga hawakumwona mdogo wangu. Siendi kwa Mola nimetakata, nikamkute yeye na damu yake. Tutakwenda sawa."

"Shehe hatakubali, mama. Hakuna madhara, ni haramu kukuacha hivyo."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Shehe sikumwomba."

Ndani waliita sanda. Nikaichukua nikaingia, nikamvisha mama yangu. Mwosha yuko hai hadi leo, kila Ijumaa napita mlangoni pake, naye ananitazama, na bado sijampa jibu.